Tarakimu nane za mwanzo

Manzese, Darajani

Manzese ukimuuliza mtu umri wake, mwenye akili atakuuliza kwanza unautaka kwa kazi gani. Upo umri wa mama, unaohesabiwa kwa mvua, kwa njaa na kwa mtoto wa jirani aliyetangulia kuzaliwa. Upo umri wa shule, uliopunguzwa kidogo ili mtoto asionekane jitu zima darasa la kwanza. Upo umri wa mpira, ambao ukifika kumi na tisa hupiga kambi hapo miaka. Na upo umri wa NIDA, ambao ndio unaosajili laini, unaofungua akaunti na unaokupa mkopo au kukunyima.

Wasafiri wengine wakifika mji mgeni huangalia majengo ya kale na bei ya samaki. Mimi huangalia namna serikali ya pale inavyomhesabu mtu, na inavyokuwa pale mtu anapotaka kuhesabiwa upya. Nimeandika habari hizi vipandevipande, kila kipande kwa mahali pake, na Manzese ndipo ninaporudi mara kwa mara kulinganisha.

Barabara ya Morogoro inaikata Manzese pande mbili, mwendokasi unapita katikati, na juu yake lipo daraja la waenda kwa miguu lililowapa watu jina la kituo. Chini kuna mitumba, viatu, chipsi, bodaboda zinazogombea abiria mmoja, na kipaza sauti kinachouza sumu ya panya. Watu kutoka mikoani walijenga hapa kabla mipango miji haijawafikia. Miaka ya 1970 Benki ya Dunia ikagharamia mradi wa kupaboresha, barabara na mabomba yakapenyezwa katikati ya nyumba ambazo tayari zilikuwa zimesimama. Hatua chache upande wa Ubungo ndipo kilipo kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968. Waliokuja kutafuta kazi Urafiki walikuja na mwili, jina na godoro. Cheti cha kuzaliwa hakikuwamo mzigoni.

Hata wilaya imewahama bila wao kuhama. Manzese ilikuwa Kinondoni. Manispaa ya Ubungo ilipoundwa, watu walilala Kinondoni wakaamka Ubungo, mlango uleule, choo kilekile. Mzee mmoja wa hapa alinionyesha karatasi zake zote, nusu zikisema wilaya moja na nusu nyingine. Hajali. "Mimi wa Manzese," anasema, na kweli hakuna dereva wa bajaji aliyewahi kumuuliza zaidi ya hapo.

Sheria ya kusajili na kutambua watu ilitungwa mwaka 1986. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA yenyewe, ikaundwa mwaka 2008. Vitambulisho vya kwanza vikazinduliwa na Rais Kikwete Februari 2013. Kati ya sheria na kadi ya kwanza mtoto angeweza kuzaliwa, kusoma, kuoa na yeye kupata mtoto. Kadi ilipokuja ikaja na namba yenye tarakimu 20, ndefu kuliko namba yoyote ambayo mkazi wa Manzese alikuwa amewahi kutakiwa aikariri. Tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Nyingine zinafuata nyuma yake kama mabehewa.

Hizo nane ndizo zinazonifanya niandike. Mtu akiitaja namba yake kwa sauti kwa wakala wa simu, kijiwe kizima kinasikia ana miaka mingapi. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: tarehe ikiwa na kosa, kosa limo ndani ya namba. Kuna njia mbili tu. Ama tarehe isahihishwe na namba ibadilike, na mwenye namba aanze kuzunguka kila ofisi iliyoiandika ile ya zamani; ama namba ibaki, halafu kadi iseme mwaka huu na namba iseme ule. Karani wa benki akiziona zinapingana, atamwamini nani?

Na tarehe zenyewe zilitoka wapi? Kwa sensa ya mwaka 2012, ni kiasi cha asilimia 13 tu ya watu wa Tanzania Bara waliokuwa na cheti cha kuzaliwa. Waliobaki walizaliwa wakati wa jambo fulani. Mwaka wa Azimio. Vita vya Kagera vilipokuwa vinaisha. Mvua za El Niño. Mama anajibu hivyo kwa uhakika kabisa, na ukimbana zaidi atakutajia ng'ombe aliyezaa usiku uleule, lakini fomu haina kisanduku cha ng'ombe. Karani anataka siku na mwezi. Visipopatikana, huandikwa Januari 1, na ndiyo maana nyumba moja ya wapangaji inaweza kuwa na watu wanne wasio ndugu waliozaliwa wote sikukuu ya mwaka mpya.

Kisha ikaja 2019. Kuanzia Mei 1 mwaka huo laini za simu zikaanza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na mwisho ukawekwa Desemba 31. Wasiokuwa na namba walikuwa mamilioni. Foleni zikaanza alfajiri, watu wakilala nje ya ofisi za usajili na vitenge begani. Siku chache kabla ya mwisho, Rais Magufuli alisajili laini yake mwenyewe akiwa Chato, akaongeza muda hadi Januari 20, 2020. Ukimkuta leo mtu wa Manzese mwenye kosa katika namba yake, muulize alijiandikisha lini. Wengi watakutajia miezi ile. Unapoogopa simu yako isizimwe, pamoja na akiba iliyomo ndani yake, hukai kubishana na karani kama ulizaliwa tarehe sita au tisa.

Rinkeby

Rinkeby ni kitongoji cha kaskazini magharibi mwa Stockholm, mwisho mwisho wa reli ya chini ya ardhi, na ukitoka kituoni unaweza kusahau uko Sweden. Maduka ya viungo, kahawa yenye tangawizi, wazee wa Kisomali wakibishana siasa za Mogadishu kama wabunge. Nilikaa na mzee mmoja wa Barawa. Kibarawa chake na Kiswahili changu vilipishana hapa na pale, lakini tulielewana.

Akanitajia tarehe yake: Januari 1. Nikacheka, nikamwambia kwetu Manzese angepata ndugu. Akaniambia hapo kwao nusu ya baraza ni Januari 1, na waliobaki ni Julai 1. Walipofika kama wakimbizi bila karatasi, mwaka ulikadiriwa, siku ikachaguliwa na ofisi.

Namba ya mtu ya Sweden ilianza mwaka 1947, na ina tarakimu kumi tu. Sita za mwanzo ni tarehe. Tatu zinazofuata zinawatofautisha waliozaliwa siku moja, ya mwisho kati ya hizo ikiwa witiri kwa mwanamume na shufwa kwa mwanamke, halafu moja ya kuhakiki. Piga hesabu: tarakimu tatu haziwezi kubeba zaidi ya watu elfu moja kwa siku moja, nusu wanaume, nusu wanawake. Kwa watoto wanaozaliwa hospitalini Sweden hiyo inatosha na kusaza. Kwa maelfu waliozalishwa na kalamu ya karani siku ya Januari 1, haitoshi. Kwa baadhi ya miaka namba za siku hiyo zilikwisha, na ofisi ikalazimika kuwapa watu siku za jirani. Denmark walikumbana na jambo lilelile, na mwaka 2007 wakaanza kutoa namba zisizofuata kanuni yao ya kuhakiki, kwa sababu waliozaliwa Januari 1, 1965 walikuwa wameimaliza hesabu.

Kwa hiyo zile tarakimu 12 zinazofuata tarehe kwenye namba ya Tanzania, ambazo mwenzangu wa Manzese anazilaani kila akizisoma kwa simu, zina faida yake. Januari 1 yetu haitajaa.

Sweden daftari la watu liko mikononi mwa idara ya kodi, Skatteverket. Kabla ya mwaka 1991 lilikuwa la kanisa. Namba hubadilishwa kwa sababu mbili zinazojulikana: tarehe ya kuzaliwa ikithibitika kuwa na kosa, au jinsia ya mtu kisheria ikibadilika, maana vyote viwili vimo ndani ya namba. Mzee wa Barawa ana mtoto wa dada aliyefanikiwa kubadilishiwa mwaka. Alichosimulia si ushindi. Namba mpya ilipofika, benki ikamwona mgeni aliyeshuka jana, asiye na historia ya mkopo wala mshahara, na kwa kuwa Sweden malipo mengi yanapita kwenye simu iliyofungwa na namba hiyo, alikaa kipindi kizima akinunua mkate kwa kadi ya mkewe. Ikabidi atembee na karatasi inayosema kwamba yule wa zamani na huyu wa sasa ni mtu mmoja.

Manzese, Midizini

Huku ndani hakuna gari linalopita vizuri. Unapita kati ya kuta mbili, unakanyaga maji ya mtu anayefua, unasalimia, unaendelea. Steshenari niliyokuwa naitafuta ni chumba cha mbele cha nyumba ya familia: kompyuta mbili, mashine ya kutoa nakala, feni isiyozunguka, na ukutani orodha iliyoandikwa kwa kalamu nene: NIDA, RITA, TIN, leseni, mkopo wa chuo, ajira, passport size. Ofisi hii haina mhuri wa serikali lakini ndiyo ambayo raia wengi huiona kwanza.

Mwenyewe ni mtu mzima, wateja wanamwita anko. Aliniruhusu nikae pembeni mradi nisizibe mlango. Hesabu yake ya makosa ni rahisi: kuna jina na kuna tarehe. Jina linauma, lakini linatibika.

Kwa jina, Manzese ina historia ambayo wageni hawaijui. Zamani mtoto aliyefeli darasa la saba hakuruhusiwa kurudia. Wazazi walifanya nini? Walimhamishia shule nyingine, mara nyingi kwa shangazi au mjomba mkoa wa mbali, akaingia darasa la sita au la saba kwa jina la mtoto aliyeacha shule. Akafaulu kwa jina hilo, akaenda sekondari nalo, akaajiriwa nalo. Nyumbani anaitwa jina alilopewa na bibi yake. Kazini anaitwa jina la mtu ambaye pengine hajawahi kumwona, anayelima mihogo mahali fulani bila kujua kwamba ana cheti cha kidato cha nne. Mambo yalikwenda hivyo miaka mingi bila bughudha, mpaka siku kitambulisho kimoja kilipotakiwa kukubaliana na vyeti vyote.

Dawa yake ipo. Unaapa kwa wakili au mahakamani, au unaandaa hati ya kubadili jina, ile ambayo watu huiita dipoli, unaisajili kwa Msajili wa Hati, kisha unaomba taarifa zirekebishwe. Unaambatisha barua ya serikali ya mtaa. Mtendaji anaandika, mwenyekiti anagonga mhuri, na kama mwenyekiti anakufahamu tangu ukiwa mtoto, kazi nusu imekwisha. Jina halimo ndani ya namba, kwa hiyo namba haitikisiki. Ofisi ulizokwisha kupita zote zinaendelea kukujua kwa tarakimu zilezile.

"Tarehe," anko akasema, akainua mikono kama mtu aliyekamatwa na polisi. "Tarehe ni kesi."

Kampala

Kwa Waganda namba imechanganyika herufi na tarakimu, kumi na nne kwa jumla. Raia mwanamume anaanza na CM, mwanamke CF, kisha zinafuata tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Kadi wanaiita ndagamuntu. Usajili mkubwa ulifanyika mwaka 2014, na nao ulikuwa na haraka yake.

Kule kosa la mwaka lina bei inayojulikana: shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi. Hiyo ndiyo posho ya wazee, na kwa mpango wa nchi nzima umri wa kuipata ni miaka 80. Bikizee ambaye karani alimpunguzia miaka sita kwa hisani, akidhani mwanamke yeyote angependa, amekosa posho kwa miaka sita. Mwaka 2021 mashirika ya haki za binadamu yalitoa taarifa ndefu kuhusu wazee na kina mama wajawazito waliorudishwa kwa sababu ya kadi, na kurasa za tarehe za kuzaliwa ndizo zilizonichoma. Manzese watu wanapigania kuwa vijana kwenye karatasi. Kampala niliwaona watu wanaopigania uzee wao.

Nairobi

Hapa nilidhani nimepata jawabu. Namba ya kitambulisho cha Kenya ni bubu. Ni tarakimu zinazofuatana tu kama tikiti, hazisemi ulizaliwa lini. Ukirekebisha tarehe unapewa kadi nyingine yenye namba ileile. Benki haishtuki, M-Pesa haishtuki. Nilifurahi, nikakunja daftari, nikaagiza chai.

Aliyenifumbua macho ni kijana wa Kibra, Mnubi. Babu wa babu yake aliletwa na Waingereza kutoka Sudan kama askari, familia haijawahi kuishi mahali pengine, na bado alipofika miaka 18 aliitwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa kuthibitisha kwamba ni Mkenya, jambo ambalo mwenzake wa darasa moja, wa kabila jingine, hakuulizwa. Wasomali wa Kenya na Waswahili wa pwani wana hadithi hiyohiyo. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kuufuta uchunguzi huo wa ziada kwa watu wa kaunti za mipakani. Namba iliyo bubu haina dosari, lakini mlango wa kuifikia unalindwa na watu wenye midomo.

Na wapo waliokwama pabaya zaidi. Ukame na njaa vilipobana kaskazini mashariki, familia za Kenya zilizo jirani na kambi za Dadaab zilijiandikisha kama wakimbizi ili watoto wapate chakula na shule. Watoto wale wakatoa alama za vidole. Walipokua na kwenda kuomba kitambulisho, mashine ikasema: huyu ni mkimbizi. Maelfu ya Wakenya wamekaa miaka bila kitambulisho kwa sababu ya mgao wa unga walioupokea wakiwa watoto. Hao hawaombi kubadilishiwa tarehe wala jina. Wanaomba wafutwe katika orodha moja ili waandikwe katika nyingine, na vidole havifutiki.

Wakenya, kwa ujumla, wanaogopa namba mpya kuliko sisi, na wana sababu. Kipande, kitambulisho cha mkoloni kilichotungiwa sheria mwaka 1915 na kuanza kubana baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kilivaliwa shingoni katika kijaluba cha chuma. Ni moja ya mambo yaliyompeleka mwanaharakati Harry Thuku kizuizini mwaka 1922. Huduma Namba ilipozinduliwa mwaka 2019 watu walipanga foleni, lakini pia walikwenda mahakamani. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikaiona kadi yake kuwa imetolewa kinyume cha sheria ya kulinda taarifa za watu. Sasa wana Maisha Namba, nayo haikukosa kesi. Tanzania foleni zilikuwa ndefu zaidi na kesi chache mno, na sijui kwa nini tunajisifia utulivu huo.

Kuna swali moja nililolipata Nairobi na sijaliacha: serikali inapoamua kuweka habari ndani ya namba, inachagua habari ipi? Afrika Kusini ya makaburu iliweka rangi. Ndani ya namba ya kitambulisho kulikuwa na tarakimu zilizosema mtu ni wa kundi gani, hadi sheria ya mwaka 1986 ilipoziondoa na nchi nzima ikapewa namba zilizosafishwa. Hapo hakuna raia aliyeapa kwa wakili. Ilitosha serikali kuona aibu. Rwanda kabila liliandikwa kwenye kadi tangu enzi za Wabelgiji, na mwaka 1994 kadi hiyo kwenye kizuizi cha barabarani ikawa hukumu. Namba ya Rwanda ya leo ina mwaka wa kuzaliwa na jinsia. Tarehe ya kuzaliwa ni habari ya upole ukilinganisha na hizo. Lakini ni habari, na tumeiweka mahali ambapo haiwezi kusahihishwa bila kuvunja ukuta.

Unguja

Kwa kifupi, maana hapa mambo yametulia zaidi. Mzanzibari mkaazi ana kadi yake ya tangu mwaka 2005, na ana ya NIDA, kwa hiyo ana namba mbili na nafasi mbili za kukosewa. Siasa za kadi hiyo ni ndefu, kwa sababu bila hiyo hupigi kura ya Zanzibar, na sheha ndiye anayejua nani mkaazi. Tangu sheria ya mwaka 2018 vizazi, vifo, ndoa, talaka na vitambulisho vimewekwa chini ya wakala mmoja. Uandikishaji wa vizazi visiwani una mizizi mirefu kuliko Bara, na inaonekana: nilipomuuliza mama muuza urojo pale Darajani ya Unguja (jina moja, dunia nyingine) kuhusu tarehe za watoto wake, alinitajia zote, na saa.

Manzese, Tip Top

Wakala wa laini hapa ana mwavuli, kiti cha plastiki na mashine ya kusoma kidole. Aliwahi kuniambia wateja wanaomsumbua ni mafundi wa zege na kina mama wa kufua: vidole vimelika, mashine haioni kitu. Anawapa mafuta wajipake, wasubiri, wajaribu kidole kingine.

Kwake ndiko nilikomkuta kijana mwenye kesi ya tarehe. Alijiandikisha kwenye wimbi la 2019, fomu akajaziwa na binamu aliyekuwa mbele yake kwenye foleni, na binamu akakadiria. Baadaye, alipoomba cheti cha kuzaliwa RITA, mama yake alikuja na kadi ya kliniki ya kweli, iliyotunzwa ndani ya Msahafu, na cheti kikatoka na tarehe sahihi. Sasa cheti kinasema yeye ni mdogo kwa miaka miwili kuliko NIDA. Anataka kujiunga na jeshi la polisi, na matangazo ya ajira hizo yana kikomo cha umri. Kwa cheti anaingia. Kwa NIDA amepitwa.

Rafiki zake walimpa ushauri wa aina zote. Mmoja alimwambia aende wilaya nyingine ajiandikishe upya kama mtu mpya. Hilo linajaribiwa, na mwisho wake ni uleule: vidole vimeshahifadhiwa, mfumo unalinganisha, ombi linakwama, na kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Vishoka wanaolipwa kwa ahadi ya kupitisha jambo hili huacha kupokea simu. Mwingine akamwambia apige *106# aone ni laini ngapi zimefungwa na namba yake, kwa sababu akibadilishiwa tarakimu zile nane, kila laini hapo italazimika kuhama naye. Akapiga tukiwa tumesimama. Laini zilizotokea zilizidi zile alizokuwa anazijua. Wakala akageuza uso, akaanza kupanga vocha.

Tukaongozana hadi Midizini kwa anko. Akasoma cheti, akasoma kadi, akaviweka mezani sambamba. Akamhesabia kijana vitu vinavyoitegemea ile namba: akaunti ya benki, TIN ya bodaboda, leseni, mkopo mdogo wa simu ambao bado haujaisha, bima ya mtoto. Halafu akamweleza njia mbili. Ya kwanza ni kuomba marekebisho ya tarehe, na vielelezo vyake vyote, na subira, na baada ya hapo kuzunguka kote huko. Ya pili, alisema, ndiyo ambayo watu wengi huichagua: kukiacha cheti cha kweli kabatini na kuandikisha kila kitu kuanzia leo kwa umri wa NIDA. Kuna hata wanaokwenda kuapa ili cheti kibadilishwe kiifuate kadi. Kwake hilo halikuwa ajabu. Anapokea viapo vya namna hiyo kuchapisha kila wiki.

Mimi ningechagua ya kwanza, nikasema hivyo, na wote wawili wakanitazama kwa adabu wanayotazamwa watu wasiokuwa na mkopo wa simu.

Kijana akauliza: ukiacha polisi, hasara yake nini akibaki na miaka miwili ya ziada?

"Hasara?" anko akasema, akigeukia kompyuta kumhudumia mteja aliyefuata. "NSSF mtu anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na hamsini na tano. Wewe utakuwa na hamsini na tatu. Tafuta tu kazi kwanza."